Kuhalalisha mboji ya marehemu: anza na chombo, kisha andika sheria

Sheria nyingi za maziko zinajua njia mbili tu za kumsitiri marehemu: kumzika au kumchoma. Njia ya tatu ni kuuweka mwili ndani ya chombo kilichofungwa, pamoja na vipande vya mbao na majani makavu, hadi ugeuke udongo. Jimbo la Washington, Marekani, ndilo lililoiruhusu kwanza. Gavana Jay Inslee alitia saini sheria hiyo Mei 2019, na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2020. Majimbo mengine zaidi ya 10 yamefuata, yakiwemo Colorado na Oregon mwaka 2021, Vermont, California na New York mwaka 2022, kisha Nevada, Maryland, Delaware, Minnesota na Maine.

Mwongozo huu ni wa wanaoshika kalamu: wabunge na wasaidizi wao, maofisa wa afya, wanasheria, na vikundi vya wananchi wanaopeleka mapendekezo bungeni. Ushauri wetu mkubwa ni mmoja: kila kifungu kijibu jambo linalotokea ndani ya chombo. Anayeandika bila kuelewa joto, maji na mifupa atapata sheria inayoruhusu jambo ambalo hakuna mkaguzi anayeweza kulikagua.

Kinachotokea ndani ya chombo

Chukua mwili wa mtu mzima wa kilo 70. Ndani yake mna takriban lita 40 za maji, kilo 16 za kaboni na kilo 1.8 za naitrojeni. Ukigawanya, unapata sehemu 9 hivi za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Bakteria wanaotengeneza mboji hufanya kazi vizuri kwenye sehemu 25 hadi 30 kwa moja, kwa hiyo wanataka karibu kilo 48 za kaboni, na upungufu ni kilo 30 na ushei. Mbao kavu ina kaboni kwa nusu ya uzito wake, hivyo hesabu ya karatasi inasema kilo 65 za vipande vya mbao zinatosha.

Hazitoshi. Sehemu kubwa ya kaboni ya mbao imefungwa ndani ya lignini, ile gundi ngumu ya mbao, na bakteria hawaifikii upesi. Tena vipande hivyo ndivyo vinavyonyonya zile lita 40 za maji na kuacha mianya ya hewa. Ndiyo maana mwili mmoja huzungushiwa vipande vya mbao, mabua makavu na majani ya lusini (alfalfa, mmea wa malisho) vinavyokaribia mita moja ya ujazo. Mabua hutoa kaboni inayolika mapema. Lusini huwasha joto la mwanzo, kwa sababu naitrojeni ya mwili bado iko ndani ya ngozi na misuli na haijawafikia bakteria walio nje.

Tandiko la mchanganyiko huwekwa chini, mwili hulazwa juu yake ukiwa umevikwa sanda ya pamba au kitani, kisha hufunikwa pande zote kwa mchanganyiko huohuo. Kifuniko hufungwa na feni huanza kupitisha hewa. Ndani ya siku chache joto hupanda bila moto wowote wa nje, likapita nyuzi 55 za Selsiasi na mara nyingi kufika 60 au zaidi. Chombo huzungushwa mara kadhaa ili vya pembeni viingie katikati. Kwa kawaida mwili hukaa humo wiki 5 hadi 7, kisha udongo hutolewa na kupumzishwa wiki nyingine 3 hadi 5 ili upoe, ukauke na utulie. Katika majaribio ya Mölln, kaskazini mwa Ujerumani, yaliyoanza mwaka 2022, mwili hukaa chomboni siku 40.

Mambo yanayoharibika ni machache na yanajirudia. Unyevu ukipita asilimia 65 hivi, maji huziba mianya, hewa inakosekana, na bakteria wasiohitaji hewa wanachukua nafasi. Hapo ndipo harufu ya yai viza inapotoka. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 40, kazi inasimama kimyakimya na mwili unakauka badala ya kuoza. Harufu kali ya amonia inaonyesha kwamba kaboni ni kidogo au mchanganyiko umekuwa na ualkali mwingi. Vipande vya mbao vikiwa vidogo kama unga wa msumeno, hushikamana. Vikiwa vikubwa kama kuni, joto hupotea. Na joto likizidi nyuzi 70 kwa muda mrefu, bakteria wenyewe wanakufa na kazi inarudi nyuma. Kila moja ya kasoro hizi huonekana kwenye kumbukumbu ya joto na unyevu siku kadhaa kabla pua haijaisikia, na ndiyo sababu kanuni ziidai kumbukumbu hiyo bila kulegeza.

Soma sheria iliyopo kabla ya kuandika mpya

Tafuta kila mahali ambapo sheria ya nchi inataja maiti. Hapatakuwa mahali pamoja. Kuna sheria ya makaburi, sheria ya afya ya umma, sheria ya usajili wa vizazi na vifo, kanuni za mochwari na usafirishaji wa maiti, sheria ya jinai inayokataza kuvunjia heshima au kukatakata maiti, sheria ya mazingira na taka, na mara nyingine sheria ya mbolea. Muswada unaorekebisha ile ya makaburi peke yake utakwama kwenye nyingine.

Mifano miwili inasahaulika sana. Wa kwanza ni fomu ya kibali. Ikiwa fomu ina visanduku viwili tu, cha kuzika na cha kuchoma, msajili hana pa kuweka alama hata kama bunge limeshapitisha sheria, na familia itakaa na mwili mochwari ikisubiri fomu mpya ichapishwe. Wa pili ni mifupa. Bakteria hula nyama na mafuta, lakini sehemu kubwa ya mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfeti, kwa hiyo mifupa hubaki, ikiwa myepesi na inayovunjika upesi. Ni lazima isagwe kwa mashine na kurudishwa kwenye udongo. Bila kifungu kinachoruhusu jambo hilo waziwazi, mfanyakazi wa kituo anaweza kushtakiwa kwa kosa la kuharibu maiti. Pale panaporuhusiwa kuchoma maiti, kifungu cha namna hii huwa kipo tayari, maana mifupa ya waliochomwa nayo husagwa. Kinyooshe kidogo kihusu na njia hii.

Maana, neno kwa neno

Sheria ya Washington inaeleza jambo hili kwa maneno machache: ni ubadilishaji wa mwili wa binadamu kuwa udongo, unaoharakishwa na kufanywa ndani ya chombo kilichofungwa. Kila neno hapo lina kazi. "Ndani ya chombo" linaitenga njia hii na kaburi la asili lisilo na saruji, na pia linazuia mtu kufukia mwili kwenye biwi la mboji nyuma ya nyumba na kudai yumo ndani ya sheria. "Unaoharakishwa" linamaanisha kuna anayesimamia hewa, unyevu na joto, hivyo kuna wa kuulizwa. "Kuwa udongo" linaweka mwisho unaoweza kupimwa.

Kwa Kiswahili tunapendekeza sheria itumie "urejeshaji wa mwili kuwa udongo". Neno "mboji" linaeleweka na tunalitumia hapa, lakini ndani ya sheria linavuta kanuni za taka na mbolea, na wapinzani wa muswada hawatachelewa kusema kwamba marehemu analinganishwa na maganda ya jikoni. Epuka "kuozesha" kabisa.

Maana ya pili inayohitajika ni ya kipindi cha mpito: mwili unaacha kuwa maiti lini? Usiposema, mahakama itasema kwa niaba yako, pengine baada ya ugomvi wa ndugu. Kifungu kinaweza kusomeka hivi:

*"Kilichomo ndani ya chombo kitahesabiwa kuwa maiti, na kulindwa na sheria zote zinazohusu maiti, hadi pale (a) kipimo cha joto kitakapotimizwa, (b) mifupa itakaposagwa na vitu visivyo vya asili kuondolewa, na (c) vipimo vya maabara vitakapokubaliwa. Baada ya hapo kitaitwa udongo wa marehemu."*

Kipimo cha joto

Hapa ndipo pa kukaza. Nyuzi 55 kwa saa 72 mfululizo ndicho kipimo kinachotumiwa, na hakikubuniwa kwa ajili ya maiti: kinatoka kwenye kanuni za Marekani za kutengeneza mboji ya tope la maji machafu ndani ya vyombo vilivyofungwa, ambako siku tatu za joto hilo zimethibitika kuua viini vya magonjwa. Chuo Kikuu cha Washington State kilipofanya majaribio mwaka 2018 chini ya mtaalamu wa udongo Lynne Carpenter-Boggs, kwa miili sita iliyotolewa kwa hiari, kipimo hicho kilifikiwa na udongo ukakidhi viwango vya usalama.

Neno "mfululizo" lisiachwe. Joto likishuka hadi 53 kwa saa mbili katika siku ya pili, hesabu inaanza upya. Lakini kosa kubwa zaidi ni kutosema kipimajoto kiwe wapi. Katikati ya chombo panaweza kuwa na nyuzi 65 wakati karibu na ukuta ni 40, na kituo kikaandika 65 bila kusema uongo. Kanuni itake angalau vipimajoto vitatu: katikati, karibu na ukuta, na karibu na sakafu ambako hewa baridi huingia. Saa 72 zihesabiwe kwa kile kinachosoma chini kuliko vyote, au zihesabiwe baada ya kila mzunguko wa chombo ili vilivyokuwa pembeni navyo vipate zamu yao. Usomaji urekodiwe na kifaa chenyewe, angalau mara moja kwa saa. Daftari linalojazwa kwa mkono mwisho wa zamu halitoshi. Vipimajoto vilinganishwe na kipimajoto sahihi kwa ratiba, na tarehe ya ulinganisho iandikwe kwenye chombo.

Umeme nao una kifungu chake. Feni ikisimama, oksijeni iliyo ndani huisha ndani ya muda mfupi. Dai chanzo cha pili cha umeme na kengele ya tahadhari inayomfikia mtu popote alipo.

Miili isiyofaa

Kanuni ziorodheshe wazi. Waliokufa kwa magonjwa ya prioni kama Creutzfeldt-Jakob wasikubaliwe kabisa: prioni ni protini iliyojikunja vibaya, inastahimili hata mashine za kuchemsha vifaa vya hospitali kwa nyuzi 121, na nyuzi 55 haziigusi. Waliokufa kwa Ebola wasikubaliwe, kwa sababu hatari iko kwenye kuwashika kabla joto halijaanza. Vituo vingi hukataa pia kifua kikuu kilicho hai, kwa sababu hiyohiyo.

Mwili uliotiwa fomalini haufai, maana dawa iliyowekwa kuzuia bakteria itafanya kazi yake na chombo kitabaki baridi. Kwa hiyo familia iambiwe mapema, kabla mwili haujafika kwa anayehifadhi maiti. Baridi ya mochwari haina madhara. Vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo vitolewe kabla, kwa sababu ya betri. Kwa aliyewekewa punje za mionzi kutibu saratani, angalia aina yake: aidini-125 hupungua nusu kila siku 60 hivi, hivyo kanuni iweke muda wa kusubiri au idai punje zitolewe. Nyonga za titani, skrubu na sahani za mifupa hazina tatizo; huondolewa kwa sumaku na kwa mkono wakati wa kuchekecha. Iandikwe ni za nani. Pendekezo letu: familia iulizwe kwenye fomu ya ridhaa, na isipozitaka ziyeyushwe na kutumiwa upya, bila kituo kupata faida.

Vipimo vya udongo

Washington imeweka viwango vifuatavyo, na ni msingi mzuri wa kuanzia. Kwa kila kilo ya udongo mkavu:

- aseniki isizidi miligramu 20
- kadmiamu isizidi 10
- risasi isizidi 150
- zebaki isizidi 8
- seleni isizidi 18

Bakteria wa kinyesi wawe chini ya 1,000 kwa gramu ya udongo mkavu, au Salmonella wawe chini ya 3 kwa gramu 4. Zebaki ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu ya meno yaliyozibwa kwa mchanganyiko wa fedha na zebaki. Moto wa kuchomea maiti huirusha hewani. Chomboni hubaki, na jino zima likiokotwa wakati wa kuchekecha, zebaki nyingi hutoka nalo.

Sampuli moja ya kiganja kutoka juu ya rundo haisemi kitu. Kanuni itake sampuli ndogo kutoka sehemu nyingi za rundo, baada ya kuchekecha, zichanganywe kuwa moja na kupelekwa maabara isiyo na uhusiano na kituo. Kuhusu marudio, Washington inataka kila mwili upimwe katika 20 za mwanzo za kituo. Baadaye angalau robo ya miili ya kila mwezi, hadi 80 itimie bila kasoro. Mpango huu ni wa busara: unamkaza mgeni na kumpunguzia gharama aliyethibitika. Sisi tungeongeza kwamba kituo kikibadilisha mchanganyiko au aina ya chombo, kirudi kwenye 20.

Udongo ukishindwa kipimo cha bakteria, hurudishwa chomboni, huongezwa maji na majani mabichi ili joto lipande tena, kisha hupimwa upya. Ukishindwa kwa madini, joto haliwezi kuyaondoa. Andika mapema njia ya heshima kwa hali hiyo, kwa mfano kuuzika udongo huo makaburini, ili kituo kisijikute na udongo wa mtu usio na pa kwenda.

Utambulisho wa marehemu

Familia inaweza kusamehe kuchelewa, lakini haitasamehe kupewa udongo wa mtu mwingine. Kibao cha chuma kisichoshika kutu, chenye namba, kifungwe kwa mwili tangu kupokelewa, kiingie chomboni, kitoke na udongo na kukabidhiwa pamoja nao. Plastiki ikatazwe, joto na unyevu huifuta. Namba hiyohiyo iwe kwenye chombo, kwenye kumbukumbu ya joto, kwenye chupa ya sampuli na kwenye pipa la kupumzishia. Chombo kimoja, mwili mmoja. Colorado inakataza kuchanganya miili bila ridhaa, na kifungu hicho kinafaa kuigwa. Mashine ya kusagia mifupa isafishwe kati ya mtu na mtu, na usafishaji huo uandikwe, maana ndiyo mahali ambapo kuchanganya hutokea bila mtu kukusudia.

Kwa kuwa njia hii haiwezi kurudishwa nyuma wala kufukuliwa, mwili usiingie chomboni kabla mchunguzi wa vifo hajatoa kibali, kama inavyofanywa kwa kuchoma. Vifo vyenye utata vikisubiri kwenye jokofu wiki mbili, hakuna kikubwa kinachoharibika. Chomboni, ushahidi mwingi wa sumu na jeraha hupotea.

Udongo unakwenda wapi

Familia nyingi hazitarajii wingi wake. Mwili mmoja na majani yake huacha karibu robo tatu ya mita ya ujazo, yaani mamia ya kilo, wa kujaza gari dogo la mizigo. Sheria iruhusu waziwazi mambo matatu: familia kuuchukua wote, kuchukua kisanduku na kuacha mwingine, au kuutoa wote kwa ardhi ya hifadhi. Kituo cha Recompose cha Washington kimekuwa kikipeleka udongo uliotolewa na familia kwenye msitu wa Bells Mountain kusini mwa jimbo hilo. Kumwaga kwenye ardhi ya mtu kuhitaji idhini ya mwenye ardhi kwa maandishi, na umbali kutoka kwenye visima na mito uwekwe.

Colorado inakataza udongo huo kuuzwa au kutumiwa kukuza chakula cha binadamu. Katazo la kuuza tunalitetea kwa moyo wote: mwili wa mtu usiwe bidhaa hata baada ya kubadilika. Katazo la chakula lina msingi mdogo wa kisayansi ikiwa vipimo vimepita, lakini linatuliza watu na halimwumizi yeyote. Ujerumani imekwenda upande mwingine. Udongo wa Mölln huzikwa makaburini kwa sababu sheria za maziko huko zinadai hivyo. Nchi yenye sharti la makaburi inaweza kuanza hivyo bila kuvunja sharti hilo.

Kituo kitoe pia karatasi ya maelekezo. Udongo huu una naitrojeni na chumvi nyingi, na mtu akijaza shimo zima na kupanda mche humo, mizizi inaungua. Sehemu moja ya udongo huu kwa tatu au zaidi za udongo wa kawaida ni salama zaidi.

Hiari, na wanaopinga

Kifungu cha hiari ndicho tunachokisisitiza kuliko vyote, na ndicho kinachokosekana kwenye rasimu nyingi. Njia hii itumike kwa aliyeandika mwenyewe akiwa hai, au kwa ridhaa ya maandishi ya ndugu mwenye haki ya kuamua. Na iongezwe: *"Serikali, hospitali, gereza au taasisi yoyote haitarejesha mwili kuwa udongo kwa sababu tu haukudaiwa na ndugu au kwa kuokoa gharama."* Bila maneno haya, siku bajeti ikibana, maskini na wasio na ndugu ndio watakaopelekwa kwanza, na njia iliyokusudiwa kuwa chaguo itageuka kuwa adhabu ya ufukara.

Kwa watu wa dini, wasikilize kabla muswada haujachapishwa. Kamati ya mafundisho ya maaskofu Wakatoliki wa Marekani ilisema Machi 2023 kwamba njia hii haikidhi heshima inayostahili mwili, na Waislamu na Wayahudi wanaoshika sheria zao huzika mwili mzima ardhini. Usijaribu kuwashawishi kwamba wamekosea. Waonyeshe kifungu cha hiari, waonyeshe kwamba hakuna kiwanja cha makaburi kinachopunguzwa, na weka haki ya mhudumu wa maziko kukataa kazi hii kwa dhamiri yake mradi amwelekeze mteja pengine. Aliye na hofu ya usalama mpe namba za vipimo. Anayesema ni kumdhalilisha marehemu, mwalike aone jinsi mwili unavyolazwa na ndugu wanavyoweka maua na barua za karatasi juu ya majani kabla kifuniko hakijafungwa. Sheria itaje haki hiyo ya ndugu kuwepo.

Ratiba na mkaguzi

Acha karibu miezi 12 kati ya saini na kuanza, kama Washington ilivyofanya, na weka tarehe ya mwisho ya wizara kutoa kanuni. California ilipitisha sheria mwaka 2022 lakini ikapanga ianze kutumika mwaka 2027. Muda mrefu hivyo huwafanya watu kusafirisha wapendwa wao nje. Ikiwa kanuni zitachelewa, sheria iseme viwango vya muda vilivyo kwenye jedwali lake vitatumika. Leseni ya kituo iwe na mwaka mmoja wa mwanzo, na ukaguzi usiotangazwa angalau mara mbili ndani yake.

Mkaguzi anayefika asianze na ofisi. Achague chombo kimoja kwa kubahatisha, asome namba yake, adai kumbukumbu ya joto ya namba hiyo tangu siku ya kwanza, na atafute saa 72 kwa kidole chake mwenyewe. Kisha afuate namba ileile kwenye fomu ya ridhaa, kibali cha mchunguzi wa vifo na cheti cha kifo. Akague sakafu chini ya chombo kama kuna majimaji yaliyochuruzika, aguse chujio la vipande vya mbao linalosafisha hewa inayotoka kuhakikisha lina unyevu, maana likikauka halizuii harufu. Azime feni na asubiri kengele ilie. Mwisho aende kwenye mapipa ya kupumzishia udongo, afungue moja, na atafute kile kibao cha chuma.